Uzi maalumu: "Ini lina mafuta gredi ya pili" bado si kipimo. Tuongee jinsi ultrasaundi inavyoweza kupima mafuta ya ini bila sindano

Ngosha wa Mionzi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mpiga ultrasaundi huku Kanda ya Ziwa, mwaka wa kumi na moja sasa. Maneno "ini lina mafuta, gredi ya pili" nimeyaandika kwenye ripoti mpaka mkono umeyazoea, na kila nikiyaandika najua mgonjwa anatoka pale akiamini nimempimia kitu, kama anavyopimwa sukari au presha. Ukweli ni kwamba nimemwangalia, nikamkadiria kwa macho.

Kilichonisukuma kuandika leo ni mzee mmoja, dereva wa fuso mstaafu. Alikuja mwezi uliopita na ripoti tatu mkononi, za vituo vitatu tofauti, zote za ndani ya wiki tano. Ya kwanza gredi ya kwanza. Ya pili gredi ya tatu. Ya tatu inasema ini halina tatizo. Kati ya ripoti ya pili na ya tatu alikuwa amenunua chupa nne za dawa ya "kusafisha ini", kwa hiyo akaamini zimemponya na alitaka kununua nyingine. Akaniuliza, "Mwanangu, hapa muongo ni nani?" Nilikaa kimya kidogo. Hakuna aliyedanganya. Watu watatu wameangalia picha tatu kwenye mashine tatu.

Ngoja nieleze tunavyofanya. Nakupaka jeli, naweka kichwa cha mashine kwenye mbavu za kulia, natafuta mahali ambapo ini na figo la kulia vinaonekana pamoja. Kwa mtu asiye na mafuta, kijivu cha ini na kijivu cha ganda la figo hukaribiana. Mafuta yakiingia, ini linang'aa kuliko figo. Yakiongezeka, kuta za mishipa ya damu ndani ya ini, ambazo kawaida huonekana kama vistari vyeupe, zinafunikwa. Yakizidi kabisa, sauti haifiki chini, upande wa ndani wa ini unakuwa giza na kile kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua kinapotea. Hizo ndizo gredi moja, mbili na tatu mnazosoma.

Sasa angalieni udhaifu wake. Mashine ina kitufe cha kuongeza mwanga wa picha. Nikikizungusha robo tu, ini lako linaonekana lina mafuta. Dirisha la chumba likiwa wazi naona kingine, likifungwa naona kingine. Figo likiwa limeumwa muda mrefu nalo linang'aa, kwa hiyo rula niliyokuwa napimia imepinda. Na kubwa kuliko yote: ini huhesabiwa kuwa na mafuta kuanzia asilimia 5 ya seli zake, lakini jicho langu huanza kuona kwa uhakika yakishafika asilimia 20 au hata 30. Hapo katikati wanapita watu wengi tunaowaambia wako safi.

Njia iliyoaminiwa miaka yote ni biopsi, yaani kuchoma sindano na kutoa uzi mwembamba wa nyama ya ini ukaangaliwe kwa darubini. Paul Ehrlich alishaanza kutoa sampuli za ini kwa sindano Ujerumani mwaka 1883. Darubini inaona mafuta, inaona uvimbe wa seli, inaona makovu. Lakini uzi ule ni kama sehemu 1 kati ya 50,000 ya ini zima, na ukichoma sehemu mbili za ini lilelile unaweza kupata majibu mawili. Kuna maumivu, mara chache damu inavuja ndani, na vifo ni nadra sana ila vipo. Huwezi kumchoma kila mwenye kitambi, wala kumrudia kila miezi sita uone kama amepungua.

Ndipo linapokuja jambo lililonileta. Waliokulia karibu na viwanda vya kuchambua pamba watanielewa haraka. Ingia kwenye bohari tupu, piga kelele: sauti inakurudia. Ingia bohari lilelile likiwa limejaa marobota: sauti inamezwa. Ini lenye mafuta linafanya hivyohivyo na mawimbi ya ultrasaundi. Vitone vya mafuta vinayatawanya na kuyameza, na kadiri yanavyozama ndani ndivyo yanavyofifia haraka. Kasi hiyo ya kufifia inapimika kwa namba, na namba haina habari na dirisha lako wala kitufe cha mwanga.

Kipimo cha kwanza kuenea kilichapishwa mwaka 2010 na watafiti wa kampuni ya Echosens ya Paris, wenye mashine ya FibroScan. Kinaitwa CAP. Majibu yake ni desibeli kwa mita, kuanzia 100 hadi 400. Unalala chali, mkono wa kulia juu ya kichwa, mpimaji anakuwekea kichwa cha mashine kati ya mbavu, unasikia kitu kinakudonoa kama umepigwa kidole, mara kumi zinazokubalika, mmemaliza. Kudonoa kwenyewe ni kwa ajili ya namba ya pili, ugumu wa ini, inayosomwa kwa kilopaskali. Mafuta na ugumu ni vitu viwili, na nitaomba tusivichanganye kwenye uzi huu.

Mwenye swali aweke. Nitajibu nikitoka zamu.

---

Kibuyu cha Asali

Mkuu umeniamsha. Mimi mwaka juzi niliambiwa gredi ya kwanza, daktari akasema punguza chipsi na bia, basi. Sijawahi kurudia. Swali langu: namba itabadilisha nini wakati ushauri ni uleule?

---

Ngosha wa Mionzi

Swali zuri. Kwa siku ya kwanza, huenda isibadilishe ushauri. Inabadilisha siku ya pili. Ukipunguza chipsi na bia miezi minane, utajuaje kama ini limekusikia? Ukija kwangu nitakuandikia tena "gredi ya kwanza", kwa sababu gredi ya kwanza ya kwenye darubini inaanza asilimia 5 ya seli na kuishia 33. Unaweza kuwa umetoka 32 ukafika 22 na neno likabaki lilelile, ukavunjika moyo ukarudi baa.

---

Fundi Mawimbi

Natengeneza vifaa tiba, ultrasaundi ni mkate wangu. Niongeze kidogo kwenye mfano wa pamba.

Sauti ikipita kwenye ini inaacha alama tatu zinazohusiana na mafuta. Ya kwanza ni hiyo ya kufifia. Nyama laini za mwili hufifisha sauti kwa takribani desibeli 0.5 kwa kila sentimita kwa kila megahezi, na mafuta yanaipandisha. Ya pili ni mwangwi: vitone vya mafuta ni vidogo na vingi, vinarudisha sauti nyingi zaidi kwa mashine, ndiyo maana ini linang'aa. Ya tatu ni mwendo. Kwenye ini la kawaida sauti hukimbia karibu mita 1,570 hadi 1,590 kwa sekunde. Kwenye mafuta matupu ni karibu 1,450. Kwa hiyo ini likijaa mafuta, sauti inachelewa kurudi. Mashine inaweza kukuta huo uchelewaji.

Watu wanadhani lazima uwe na FibroScan. Hapana. Kampuni kubwa za mashine za kawaida za picha zimeshaweka programu za kupima kufifia ndani ya mashine zao: Canon wanaiita ATI, GE wanaiita UGAP. Siemens wamechanganya kufifia na mwangwi wakatoa jibu kwa asilimia, wanaliita UDFF. Faida ni kwamba mpimaji anaona picha huku anapima, anakwepa mshipa mkubwa au uvimbe. Na mashine ya FibroScan ya kawaida inapima kama mtu aliyefumba macho, haikuonyeshi picha ya ini.

Hasara: namba ya kampuni hii usiipeleke kwenye jedwali la kampuni ile. Nimeona hospitali ina mashine mbili za majina tofauti na daktari analinganisha majibu yake kama kilo na kilo. Hata mashine za jina moja, kichwa cha kupimia kikiwa kingine, uliza kwanza.

---

Mama Tausi

Samahani kaka Ngosha, na wengine wote shikamooni mnaostahili. Mimi ni mwalimu, nina miaka 52, nina kisukari mwaka wa sita. Nilipimwa hiyo ya kudonoa wiki iliyopita. Karatasi imeandikwa CAP 291, IQR 24, halafu chini 6.1 kPa. Kijana aliyenipima alikuwa na haraka, akasema "daktari atakueleza", na daktari miadi yake ni mwezi ujao. Nimetafuta mtandaoni nimekuta jedwali linasema zaidi ya 280 ni gredi ya tatu, ya mwisho. Silali. Mume wangu alifariki kwa ugonjwa wa ini, nimeuona. Naomba mnieleze kwa lugha ya kueleweka.

---

Ngosha wa Mionzi

Mama, pole sana, na pole kwa baba. Naomba uniambie uzito na urefu wako, na kama ulikuwa umekula kabla ya kupimwa. Kumbuka mimi si daktari, nakusomea karatasi tu. Lakini la kwanza nikuambie usiku huu ulale: kilichokutisha ni namba ya mafuta. Namba ya makovu ni ile ya chini, 6.1, na hiyo iko upande mzuri. Chini ya 8 kwa mtu mwenye mafuta kwenye ini, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo.

---

Mama Tausi

Mungu akubariki. Uzito kilo 76, urefu sentimita 162. Sikuwa nimekula tangu usiku.

---

Ngosha wa Mionzi

Basi twende pamoja, mama, na wengine mfuate maana hapa ndipo watu wengi wanaumizwa na majedwali ya mtandaoni.

Mwaka 2017 watafiti walikusanya data za wagonjwa 2,735 waliopimwa CAP na pia kuchomwa biopsi. Wakapata mipaka mitatu: 248 kwenda juu ni gredi ya kwanza, 268 ya pili, 280 ya tatu. Hilo ndilo jedwali uliloliona. Ambacho jedwali halikukuambia ni kwamba watafiti walewale waligundua namba inasukumwa na mambo mengine, wakasema ipunguzwe kabla ya kuisoma: toa 10 kama ugonjwa ni wa mafuta yasiyotokana na pombe, toa 10 nyingine kama mtu ana kisukari, na toa 4.4 kwa kila pointi ya BMI (uzito wa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) iliyo juu ya 25, ukiishia 30.

BMI yako ni 29. Pointi nne mara 4.4 ni 17.6. Jumlisha 10 na 10, tunapata 37.6. Toa kwenye 291: inabaki 253 na kitu. Umetoka juu ya mpaka wa tatu mpaka kupita kidogo tu mpaka wa kwanza, na ini ni lilelile.

Sikuambii kwamba huna mafuta. Unayo, miongozo ya madaktari wa ini wa Ulaya ya 2021 inasema zaidi ya 275 bila kupunguza chochote inatosha kuamini mafuta yapo. Kinachobishaniwa ni kiasi. CAP inajua vizuri kusema yapo au hayapo, ila haijui vizuri kutofautisha gredi ya pili na ya tatu. Ningekuwa mimi ningefuta kabisa gredi kwenye karatasi zile nikaacha namba.

Hiyo IQR ya 24 inaonyesha vipimo kumi vilivyokaribiana. Ikifika 40 na kuendelea, namba inaanza kutoaminika. Kijana alikuwa na haraka lakini kazi yake aliifanya vizuri.

---

Dkt wa Wilayani

Nimesoma uzi wote. Nampongeza Ngosha, ila nataka kumpinga kwenye jambo moja, kwa heshima.

Mnaweka nguvu nyingi mno kwenye mafuta. Mimi nafanya kazi hospitali ya wilaya. Sina CAP, sina UGAP, nina ultrasaundi moja ya zamani na maabara inayopima damu. Mtu hauawi na mafuta ya ini yenyewe. Anauawa na makovu, na wengi wenye mafuta kwenye ini hufa kwa moyo kabla ini halijachoka. Nikiwa na mgonjwa wa kisukari, swali langu la kwanza ni kama ana makovu, na hilo naweza kulichuja kwa kikokotoo kinachoitwa FIB-4: umri mara AST, unagawa kwa chembe sahani za damu zilizozidishwa na kipeuo cha pili cha ALT. AST na ALT ni vimeng'enya vya ini vinavyopimwa kwenye damu. Hakihitaji mashine yoyote mpya.

Mama Tausi, kama una majibu ya damu yaweke hapa.

---

Mama Tausi

Ninayo ya mwezi huohuo daktari. AST 34, ALT 41, chembe sahani 240.

---

Dkt wa Wilayani

52 mara 34 ni 1,768. Kipeuo cha pili cha 41 ni 6.4, mara 240 ni 1,536. Gawanya: 1.15. Chini ya 1.3 ni hatari ndogo ya makovu makubwa. Zaidi ya 2.67 ningekupeleka rufaa leo. (Kwa wenye zaidi ya miaka 65 mpaka wa chini ni 2.0, maana umri peke yake unaipandisha.) Inakubaliana na ile 6.1 yako. Vipimo viwili vya njia tofauti kabisa vinasema jambo moja, na mimi hilo ndilo linalonipa amani kuliko CAP.

Kwa kuwa una kisukari, rudia FIB-4 kila mwaka mmoja au miwili. Miadi ya daktari wako usiiache.

---

Ngosha wa Mionzi

Dkt, nakubali kwa upande wa makovu, wala sikubishii. Ila mafuta ndiyo yanayobadilika kwanza mtu anapoanza kujitunza. Makovu yanachukua miaka. Mgonjwa anahitaji kuona kitu kinasogea, la sivyo anaenda kwa muuza chupa. Yule mzee wa fuso alinunua chupa nne kwa sababu hakuna aliyempa namba ya kufuatilia.

---

Dkt wa Wilayani

Hapo umenishika, sina la kukujibu.

Niongeze jambo la huko kwenu Kanda ya Ziwa. Kichocho cha tumbo kinaweka makovu kuzunguka mishipa inayoingiza damu kwenye ini, na kwenye picha makovu hayo yanang'aa. Nimepokea rufaa zilizoandikwa "mafuta" kumbe ni kichocho cha miaka ishirini. Kuna utaratibu wa Shirika la Afya Duniani wa kuusoma mchoro wa kichocho kwa ultrasaundi, unaitwa wa Niamey. Na mjue kwamba kwenye kichocho ugumu wa kilopaskali unaweza kusomeka wa wastani wakati bandama imevimba na mishipa ya kwenye umio imejaa damu. Kwa mvuvi wa Ukerewe au Rorya usisome namba bila kuangalia picha.

---

Ngosha wa Mionzi

Kweli kabisa. Makovu ya kichocho yanafuata mishipa kama matawi ya mti, mafuta yanasambaa kote kama ukungu. Na ukiona bandama kubwa, usiishie kwenye mafuta. Hili ningepaswa kuliandika kwenye bandiko la kwanza.

---

Mvita Mkongwe

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu yangu Ngosha, shukran. Hospitali tuliyo nayo karibu ni kama ya Daktari, mashine ipo moja na haina hizo programu za kupima. Je, hakuna njia ya kupata angalau namba kwa mashine hiihii ya kawaida? Mie nina mama yangu, kilo tisini, presha, na kila tukienda twaambiwa "mafuta kidogo". Kidogo kiasi gani hawasemi.

---

Ngosha wa Mionzi

Ipo, na sijui kwa nini haitumiki sana huku kwetu. Ni uwiano wa ini na figo. Badala ya kulinganisha kwa jicho, unaweka kiduara kwenye ini na kiduara kwenye ganda la figo, vyote kina kimoja, kompyuta inasoma wastani wa ung'avu wa kila kimoja, unagawa cha ini kwa cha figo. Mashine nyingi zina kifaa cha kusoma ung'avu. Kama haina, picha inaweza kutolewa ikasomwa kwenye kompyuta ya kawaida. Mwaka 2009 watafiti wa Israeli waliilinganisha na biopsi wakapendekeza 1.49 kama mpaka wa kusema mafuta yamepita asilimia 5. Mashine nyingine zimepata mipaka mingine, kwa hiyo usiishike 1.49 kama msahafu. Lakini mama akipimwa mashine ileile, mpimaji yuleyule, vitufe vilevile, namba yake ya leo na ya baada ya nusu mwaka zinaweza kulinganishwa.

Masharti: figo liwe zima. Mwenye presha ya muda mrefu figo zinaweza kuwa zimeguswa, basi mcheki kreatinini kwanza, kile kipimo cha damu cha figo.

---

Bin Said Muscat

Assalaam alaykum. Niko Muscat kikazi. Huku nilipimwa MRI (ile mashine kubwa ya sumaku) ya ini nikaambiwa mafuta asilimia 14. Nilipokuja likizo nyumbani, daktari mmoja akaangalia akasema "asilimia 14 ni gredi ya kwanza, mpaka 33, usijali". Niliporudi huku, mwingine akasema 14 si haba hata kidogo. Nani sahihi?

---

Fundi Mawimbi

Wa alaykum salaam. Hapa kuna mtego wa maneno. Biopsi inahesabu seli: katika seli mia, ngapi zina kitone cha mafuta. MRI inapima sehemu ya ishara inayotoka kwenye mafuta ukilinganisha na maji na mafuta kwa pamoja. Seli yenye kitone si seli iliyojaa mafuta mtupu, kwa hiyo asilimia za MRI ni ndogo siku zote. Kwa MRI, asilimia 5 au 6 tayari ini limeingia gredi ya kwanza, na karibu asilimia 22 ni eneo la gredi ya tatu. Yako ya 14 imeshatembea mbali. Daktari wa kwanza alichukua asilimia ya mashine akaipeleka kwenye jedwali la darubini.

Zile ultrasaundi zinazotoa jibu kwa asilimia, kama hiyo UDFF, zimepangwa zifuate MRI. Zisomeni kama MRI, msizisome kama biopsi.

---

Kibuyu cha Asali

Nimejifunza mengi. Nina maswali mawili ya haraka. Moja, kupimwa hivi kunahitaji maandalizi gani? Mbili, na hizo dawa za kusafisha ini tuseme nini, maana hata mimi nina chupa kabatini.

---

Ngosha wa Mionzi

La kwanza: kaa bila kula kwa muda wa saa tatu angalau, maana chakula kinaongeza damu kwenye ini na ugumu unapanda. Ukiwa na homa ya ini inayochemka sasa hivi, nyongo imeziba, au moyo umeshindwa kusukuma, ugumu unapanda pia bila makovu. Tibu hilo kwanza. Maji yakiwa yamejaa tumboni, FibroScan ya kudonoa haisomi. Wajawazito watengenezaji hawashauri. Mwenye mafuta mengi chini ya ngozi, kutoka ngozi hadi ini zaidi ya milimita 25, atumie kichwa kikubwa, wanakiita XL, la sivyo namba inakuwa ya mafuta ya tumbo. Na useme ukweli kuhusu pombe, hakuna anayekuhukumu pale.

La pili namwachia daktari.

---

Dkt wa Wilayani

Chupa ya kabatini usiinywe. Nimeshalaza watu wenye manjano waliotoka kunywa mchanganyiko usiojulikana ndani yake kuna nini, wakitibu mafuta ambayo hayakuwa yanawadhuru mwezi huo.

Kinachoondoa mafuta kimethibitishwa: uzito. Ukishusha asilimia 5 mafuta yanaanza kupungua, 7 hadi 10 hata uvimbe wa seli unatulia, na kwa wanaofika 10 makovu yenyewe yanaweza kurudi nyuma. Mwenye kilo 90 anatafuta kilo 6 hadi 9, siyo 30. Soda na juisi za sukari ziondoke kwanza. Dawa halisi zimeanza kupatikana, Marekani waliidhinisha resmetirom Machi 2024, lakini ni kwa wenye makovu ya kati na makubwa, na bado kwetu ni habari ya kusoma tu.

Halafu pima homa ya ini B kama hujawahi. Huku kwetu mtu anaweza kuwa na mafuta na kirusi kwa pamoja, na kirusi ndicho kinachotangulia kumuua.

---

Mvita Mkongwe

Naleta mrejesho. Nilimwonyesha mpimaji wetu maelezo ya uwiano wa ini na figo. Kwanza alisita, kisha akajaribu. Mama amepata 1.8. Ameandika kwenye ripoti namba, kina, na hata mwanga aliotumia. Kreatinini iko sawa. Kwa mara ya kwanza mama ameuliza "na mwezi wa sita itakuwa ngapi?" Zamani alikuwa aikunja ile karatasi na kuitia mkobani.

---

Ngosha wa Mionzi

Mkuu umenifurahisha sana. Mpe huyo mpimaji salamu zangu. Mwambie aiweke na ile picha yenye viduara, ili akisafiri yeye mwenzake ajue aliweka wapi.

---

Mama Tausi (miezi saba baadaye)

Wanangu, nimerudi. Nilisema nitarudi.

Nimepimwa tena, mashine ileile, nikamwomba kijana yuleyule. CAP 262, IQR 21, ugumu 5.4. Uzito kilo 70. Nimeacha soda, ubwabwa nimepunguza nusu sahani, na natembea kutoka shuleni mpaka nyumbani siku nne kwa wiki. Daktari wangu alifurahi, ila nilitaka na nyie mwone.

---

Ngosha wa Mionzi

Mama, umenipa raha kweli.

Nikokotoe kama mara ile. BMI sasa ni 26.7, pointi 1.7 mara 4.4 ni 7.5, jumlisha 20: toa 27.5 kwenye 262, inabaki 234 na kitu. Iko chini ya mpaka wa kwanza. Sitakuambia mafuta yameisha, kwa sababu kipimo hiki kinayumba kidogo hata ukirudia kesho. Lakini kilo sita ni karibu asilimia 8 ya uzito wako wa mwanzo, CAP imeshuka, ugumu haujapanda, vyote vinaelekea upande mmoja. Iwekeni karatasi hii pamoja na ile ya kwanza, msitupe yoyote.

---

Mama Tausi

Zote mbili ziko ndani ya bahasha ya vyeti. Na mdogo wangu wa kiume, ana kisukari kama mimi na alikuwa anagoma, amekubali. Kesho saa mbili asubuhi tunaenda naye. Nimemwambia asile chochote, hata chai.